Mabingwa Ambao Hawakufika London

Katika orodha ya mashindano ya dunia ya hoki ya barafuni kuna miaka mitatu ambayo wengi huipita haraka. Mwaka 1949, mjini Stockholm, bingwa ni Chekoslovakia. Mwaka 1950, mjini London, bingwa ni Kanada, na jina la Chekoslovakia halimo: si nafasi ya pili wala ya mwisho, halimo kabisa. Mwaka 1951, mjini Paris, halimo tena. Bingwa mtetezi hakuvuliwa taji uwanjani. Hakutokea. Asiyejua anaweza kudhani fedha za safari zilikosekana, au viongozi wa chama waligombana, kama inavyotokea sehemu nyingi. Ukweli ni kwamba wakati Kanada inapokea kombe jijini London, wachezaji wa Chekoslovakia walikuwa mahabusu, mikononi mwa polisi wa siri wa nchi yao wenyewe.

Nchi yenyewe sasa haipo kwenye ramani. Chekoslovakia ilizaliwa 1918 ikavunjika mwisho wa 1992, na katika uhai wake timu ya wanaume ilitwaa ubingwa wa dunia mara 6: 1947, 1949, 1972, 1976, 1977 na 1985. Kwenye Olimpiki ilipata medali 4 za fedha na 4 za shaba. Dhahabu haikuwahi kuigusa. Kwa wingi wa vikombe, Kanada na Umoja wa Kisovieti wako mbali mbele yake. Hata hivyo sijaona timu nyingine ya taifa, katika mchezo wowote, ambayo matokeo yake yamefungamana kiasi hiki na yaliyowapata wananchi nje ya uwanja. Anayeihesabia medali tu ataipunja.

Mchezo wenyewe hauna mambo mengi ya kuelezwa. Kila upande una watu 6, golikipa akiwemo. Wanavaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea, wanagombea kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu, na kazi ni kukitia golini. Vipindi ni 3, kila kimoja dakika 20. Wachezaji huingia na kutoka mchezo ukiendelea, kwa kuwa kasi yake ni kali mno na mtu huishiwa pumzi kabla ya dakika moja kwisha.

Watu wa Bohemia, eneo la magharibi lenye jiji la Prague, waliupokea mapema. Walikuwa miongoni mwa wanachama 5 wa mwanzo wa shirikisho la kimataifa lililoundwa mwaka 1908, na wakawa mabingwa wa Ulaya 1911 na tena 1914, wakiwa bado chini ya himaya ya Austria. Baada ya vita vya kwanza vya dunia walikwenda Olimpiki ya Antwerp, 1920, wakiwa taifa jipya. Huko Kanada iliwafunga 15–0 na Marekani ikawafunga 16–0. Kisha wakaifunga Uswidi 1–0, goli la Josef Šroubek, na kwa jinsi mashindano yalivyopangwa ushindi huo mmoja ukawapa medali ya shaba. Mashindano yote walifunga goli 1 na kufungwa 31, na wakarudi nyumbani na medali. Wanastahili kuanza kusimuliwa hapo, kwa sababu matokeo hayo yanaonyesha umbali uliokuwa kati ya Ulaya na Amerika Kaskazini, na jinsi ulivyofupishwa ndani ya miaka chini ya 30.

Aliyechangia sana kuufupisha alikuwa Mkanada. Mike Buckna alizaliwa Trail, mji wa kuyeyusha madini katika jimbo la British Columbia, kwa wazazi waliotoka Slovakia. Alifika Prague katikati ya miaka ya 1930 akajiunga na LTC Praha, klabu iliyoanzia kwenye tenisi lakini ikajipatia sifa kwenye barafu, na hapo akawa mchezaji na kocha. Vita vya pili vya dunia vilipokaribia aliondoka, vilipokwisha akarudi. Aliwafundisha vijana wa Prague kupasiana kisahani wakiwa kwenye mwendo, badala ya kila mmoja kukimbia nacho peke yake hadi anyang'anywe.

Mwaka 1947 mashindano ya dunia yaliandaliwa Prague. Kanada haikuja. Wenyeji walifunga kila aliyekuja mbele yao, wakateleza kwa Uswidi, 2–1, na mbio zikaonekana zimekwisha. Ndipo Austria, ambayo haikutarajiwa kumsumbua mtu, ikaifunga Uswidi 2–1, na taji likabaki Prague. Vladimír Zábrodský, mshambuliaji aliyekuwa na jicho la kuona nafasi kabla haijafunguka, ndiye aliyeongoza kwa magoli.

Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya St. Moritz nchini Uswisi, hakuna aliyeweza kusema wamebahatika. Kanada walikuwepo, wakiwakilishwa na timu ya jeshi la anga. Golini mwa Chekoslovakia alisimama Bohumil Modrý, mhandisi kwa elimu, mtu mtulivu ambaye wengi walimhesabu kuwa golikipa bora kuliko wote Ulaya. Mechi ikaisha 0–0. Timu zote mbili zilimaliza zikiwa zimeshinda mechi 7 na kutoka sare 1, na dhahabu ikaamuliwa kwa hesabu ya magoli. Chekoslovakia walikuwa wamefunga mengi zaidi, 80, lakini wameruhusu 18. Kanada walifunga 69 na kuruhusu 5. Fedha, basi, bila kufungwa hata mechi moja.

Olimpiki ile iliisha tarehe 8 Februari 1948. Tarehe 25 mwezi huohuo chama cha kikomunisti kikashika dola mjini Prague.

Majira hayohayo ya baridi, LTC Praha walisafiri hadi Moscow. Wasovieti walikuwa na hoki yao ya jadi, inayochezwa kwa mpira wa duara kwenye uwanja mpana wa barafu, na ligi yao ya mchezo huu wa kimataifa ilikuwa imeanza mwisho wa 1946 tu. Walitaka kuwaona wanaojua. Zikachezwa mechi 3: wageni wakashinda 1, wakafungwa 1, nyingine sare. Makocha wa Moscow walikaa pembeni wakiangalia kila kitu: namna wageni walivyofanya mazoezi, walivyoshika gongo, golikipa alivyojipanga. Kwa watu waliokuwa na msimu mmoja na nusu tu wa mchezo ule, kushinda mechi moja mbele ya timu iliyojaa mabingwa wa dunia kulikuwa dalili kubwa, na mwanafunzi huyo hakuchelewa kuhitimu.

Timu ile ilianza kupukutika kabla ya mtu yeyote kukamatwa. Tarehe 8 Novemba 1948, wachezaji 6 walipanda ndege ndogo ya kukodi kutoka Paris kwenda London, ambako wenzao walikuwa wametangulia. Ndege ilipotea juu ya mlango wa bahari unaotenganisha Ufaransa na Uingereza. Majina yao ni Ladislav Troják, Karel Stibor, Zdeněk Jarkovský, Vilibald Šťovík, Miloslav Pokorný na Zdeněk Švarc. Troják alikuwa mtoto wa Košice, Mslovakia wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mchezo huu. Mwezi uliofuata, LTC walipokwenda kucheza Kombe la Spengler mjini Davos, wachezaji walijadiliana kwa siri kama wasirudi tena nyumbani. Wengi wao wakarudi. Baadhi wakabaki Uswisi.

Kwa hiyo timu iliyokwenda Stockholm Februari 1949 ilikuwa imepoteza watu kwa kifo na kwa uhamisho. Kikosi kingine kingeweza kuvunjika moyo. Hawa waliifunga Kanada 3–2, mara ya kwanza Chekoslovakia kuifunga Kanada katika mashindano ya dunia, na wakarudi na taji. Katika mataji yao 6 hili ndilo nalipa uzito mkubwa kuliko yote. Lile la 1947 lilipatikana Kanada haipo. Hili lilichukuliwa mbele yake, miezi 3 baada ya wenzao 6 kuzama.

Tarehe 11 Machi 1950 wachezaji walifika uwanja wa ndege wa Ruzyně, mizigo mkononi, tayari kwa safari ya London kulitetea taji. Wakasubirishwa. Hatimaye wakaambiwa hakuna safari, kwa sababu waandishi 2 wa redio waliopaswa kufuatana nao wamenyimwa viza na Waingereza, na Chekoslovakia haiendi mahali ambapo waandishi wake hawatakiwi. Mabingwa wa dunia wakarudi mjini.

Siku mbili baadaye walikutana kwenye baa moja iitwayo U Herclíků, karibu na ukumbi wa taifa wa michezo ya kuigiza mjini Prague. Walikuwa vijana wenye hasira na bia mezani. Redio ikatangaza kwamba timu yenyewe imeamua kutokwenda, kwa kuwaunga mkono waandishi wake. Walikuwa wanatangaziwa uamuzi ambao hawakuufanya. Wakaanza kupaza sauti, wakaitukana serikali na wakubwa wake waziwazi. Baadhi ya waliokaa meza za jirani walikuwa askari kanzu. Pakazuka vurugu, na wachezaji wakakamatwa palepale na kusombwa. Modrý hakuwepo kwenye baa. Alikuwa amekwisha kujiondoa kwenye timu. Yeye alifuatwa baadaye, na ndiye aliyebandikwa jina la kinara.

Gustav Bubník, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alipelekwa pamoja na wenzake kwenye jengo dogo la Hradčany ambalo wafungwa waliliita Domeček, maana yake kinyumba. Mahojiano ya hapo yalikuwa ya kipigo. Polisi walitaka wakiri kwamba walipanga kutorokea nje timu nzima na kwamba walifanya ujasusi kwa nchi za Magharibi. Kilichokuwa kweli ni kwamba mwaka mmoja na ushei kabla yake, Davos, walizungumzia kubaki, kisha wakarudi kwa hiari yao wakaenda kuiletea nchi kombe la dunia. Mahakama haikulipa hilo uzito wowote.

Kesi ilisikilizwa Oktoba 1950, milango imefungwa. Watu 12 walihukumiwa, akiwemo mwenye baa. Modrý alipewa miaka 15 jela, Bubník 14, Stanislav Konopásek 12, Václav Roziňák na Vladimír Kobranov 10 kila mmoja, Josef Jirka 6. Wengine walipata kati ya miezi 8 na miaka 3. Ukiijumlisha ile adhabu inazidi miaka 77, kwa kikosi ambacho mwaka mmoja tu nyuma kilikuwa kimelakiwa kwa shangwe. Baadhi walipelekwa kuchimba urani eneo la Jáchymov, kwenye mashimo ambayo madini yake yalisafirishwa kwenda Umoja wa Kisovieti. Mikono iliyokuwa ikiokoa mashuti ya Kanada ikawa inashika mawe yenye mionzi bila kinga yoyote.

Msamaha ulikuja Januari 1955. Modrý alitoka akiwa mgonjwa, na alifariki mwaka 1963 akiwa na miaka 46. Majina yao yalisafishwa rasmi mwaka 1968. Zábrodský, nyota kuliko wote, hakufungwa, na kwa nini yeye aliponyoka ni jambo lililozua ugomvi mchungu kati ya waliokuwa marafiki. Baadaye alihamia Uswidi, 1965. Bubník akawa kocha, na Ufini ikamwajiri kuifundisha timu yake ya taifa. Katika mashindano ya dunia ya 1967 mjini Vienna, Ufini yake iliifunga Chekoslovakia 3–1, ushindi ambao Wafini walikuwa hawajawahi kuupata dhidi ya timu hiyo. Alishinda dhidi ya jezi aliyofungwa jela akiitumikia, na kila aliyemfahamu pale uwanjani alilijua hilo.

Baada ya 1950 timu ilijengwa upya kutoka karibu sifuri. Mwaka 1952 kule Oslo ilishika nafasi ya nne. Mwaka 1953 iliondoka katikati ya mashindano kwa sababu Rais Klement Gottwald alikuwa amefariki. Mwaka 1954 Wasovieti wakaingia mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza, na mara hiyohiyo wakawa mabingwa. Wachambuzi hupenda kusema kwamba utawala wa Wasovieti kwenye barafu haukuepukika. Mimi sikubaliani moja kwa moja. Timu pekee ya Ulaya iliyokuwa imeshajua kusimama na Kanada ilibomolewa na serikali yake wakati hasa Moscow inainukia, na hakuna ajuaye mechi za miaka ile ya 1950 zingekwendaje kama Modrý angekuwa bado golini na Bubník mbele.

Kuanzia 1963 hadi 1971 Wasovieti walitwaa ubingwa wa dunia mara 9 mfululizo. Chekoslovakia ilikuwa imerudi kuwa timu nzuri, na mara kwa mara iliwapa shida. Katika Olimpiki ya Grenoble, Februari 1968, iliwafunga 5–4. Ikapata fedha, dhahabu ikaenda Moscow kama kawaida. Wakati huo Prague ilikuwa na matumaini. Alexander Dubček alikuwa ameshika uongozi wa chama mwezi Januari, magazeti yalikuwa yanaanza kuandika yanayofikiriwa na watu, na waliofungwa miaka ya 1950 walikuwa wanasikilizwa.

Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti 1968, majeshi ya Umoja wa Kisovieti na washirika wake yalivuka mpaka. Asubuhi vifaru vilikuwa mitaani Prague. Mashindano ya dunia ya 1969 yalikuwa yamepangiwa jiji hilo, na sasa hayakuwezekana. Yakahamishiwa Stockholm.

Timu zilikuwa 6, kila moja ikutane na mwenzake mara 2. Chekoslovakia wangecheza na Wasovieti tarehe 21 na tarehe 28 Machi. Januari ya mwaka huo mwanafunzi Jan Palach alikuwa amejichoma moto katikati ya Prague kupinga uvamizi. Wachezaji waliwekeana ahadi: wafungwe na yeyote mwingine ikibidi, hawa hawashindi. Jaroslav Jiřík alichukua mkanda mweusi akaiziba ile nyota nyekundu iliyokuwa juu ya simba wa taifa kwenye jezi yake. Kila mwenye televisheni aliiona nyota ikiwa imezibwa, na alielewa.

Mechi ya kwanza iliisha 2–0. Jan Suchý, beki aliyecheza kama mshambuliaji, alifunga la kwanza. Josef Černý la pili. Golini alikuwa Vladimír Dzurilla, jitu la Bratislava, na hapakupita kitu. Nahodha Jozef Golonka, Mslovakia mwenye moto usiozimika, aligeuza gongo lake akalielekeza kwa wapinzani kama anayelenga bunduki. Filimbi ya mwisho ilipolia hawakwenda kuwapa Wasovieti mkono, jambo ambalo katika mchezo huu halifanyiki ovyo.

Wiki moja baadaye ikawa 4–3. Na sasa nchi nzima ikatoka nje. Kwa miezi 7 nchi ilikuwa chini ya majeshi ya kigeni. Kwa ushindi wa hoki nani angewakataza watu kukusanyika? Makumi ya maelfu walijaa uwanja wa Wenceslas mjini Prague, na miji mingine ikafanya hivyohivyo. Waliimba na kuandika matokeo kwenye kuta na kwenye madirisha ya maduka. Kwenye uwanja huo kulikuwa na ofisi ya shirika la ndege la Kisovieti, Aeroflot, na mbele yake, siku hiyohiyo, lilikuwa limemwagwa lundo la mawe ya kutengenezea barabara. Ofisi ilivunjwa na samani zikachomwa moto. Wengi huko wanaamini mawe yale yaliletwa makusudi na polisi wa siri ili kisingizio kipatikane. Kisingizio kilipatikana kweli. Moscow ilidai hatua kali, na tarehe 17 Aprili Dubček akaondolewa na nafasi yake kushikwa na Gustáv Husák. Miaka 20 ya ukandamizaji ikafuata.

Nani alikuwa bingwa wa 1969? Wasovieti. Waliifunga Uswidi mara 2, Uswidi ikaifunga Chekoslovakia mara 2, Chekoslovakia ikawafunga Wasovieti mara 2. Zote tatu zikamaliza na pointi 16, na tofauti ya magoli ikaipa Chekoslovakia nafasi ya tatu. Shaba. Siku ya mwisho sare tu dhidi ya Uswidi ingewatosha, wakapoteza 1–0, na ukiwatazama utajua kwamba nguvu zote walikuwa wamezimaliza siku mbili kabla. Shaba hiyo naiweka juu ya dhahabu nyingi nilizozitaja na nitakazozitaja, na sidhani kama kuna Mcheki au Mslovakia wa umri ule atakayebishana nami.

Taji lilirudi mwaka 1972, nalo likarudi nyumbani hasa. Katika ukumbi wa Prague, tarehe 20 Aprili, wenyeji waliwafunga Wasovieti 3–2, Jiří Holeček akiwa golini na Jaroslav Holík akifunga goli la ushindi, na mfululizo wa mataji 9 ukakatika. Ilikuwa imepita miaka 23 tangu Stockholm. Makocha Jaroslav Pitner na Vladimír Kostka walikuwa wamekitengeneza kikosi hicho polepole tangu kabla ya uvamizi.

Muongo huo ndio ulikuwa wa mavuno. Ubingwa wa 1976 ulipatikana Katowice, nchini Poland, katika mashindano ambayo wenyeji walianza kwa kuwafunga Wasovieti 6–4 na kuishangaza dunia. Ule wa 1977 ulipatikana Vienna. Miezi michache kabla ya Katowice, kwenye Olimpiki ya Innsbruck, timu hiyo ikiwa imedhoofishwa na mafua makali iliongoza 3–2 dhidi ya Wasovieti dakika za mwisho, ikafungwa magoli 2 ya harakaharaka, na dhahabu ya Olimpiki ikapita tena. Septemba 1976 walialikwa kwenye Kombe la Kanada, ambako walikutana na wachezaji wa kulipwa wa Kanada. Waliwafunga 1–0 katika hatua ya makundi, goli la Milan Nový, na Dzurilla, mkongwe wa 1969, akiokoa kila kitu. Fainali waliipoteza: kwanza 6–0, halafu 5–4 katika muda wa nyongeza, Darryl Sittler akimchungulia Dzurilla aliyetoka golini, akampita pembeni na kukitumbukiza kisahani.

Taji la mwisho, 1985, nalo lilichukuliwa Prague, kwa kuifunga Kanada 5–3. Lakini kufikia hapo timu ilikuwa inavuja. Václav Nedomanský alikuwa ametorokea Kanada mwaka 1974. Agosti 1980 ndugu wawili wa Bratislava, Peter na Anton Šťastný, walitoroka wakiwa kwenye mashindano ya klabu Innsbruck na kujiunga na Quebec Nordiques. Kaka yao Marián akawafuata mwaka uliofuata. Kila aliyetoroka alifutwa magazetini, jina lake likawa halitajwi, na ndugu waliobaki wakaulizwa maswali. Peter Šťastný alikuwa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa ligi ya Amerika Kaskazini katika miaka ya 1980, na magoli yale yote hayakuihesabia chochote nchi iliyomlea. Mwaka 1984 alicheza Kombe la Kanada akiwa amevaa jezi ya Kanada. Mwaka 1994, kwenye Olimpiki ya Lillehammer, alibeba bendera ya Slovakia.

Maana wakati huo Chekoslovakia ilikuwa imekwisha. Utawala wa kikomunisti ulianguka mwishoni mwa 1989, timu ikapata shaba yake ya mwisho ya Olimpiki mwaka 1992 kule Albertville, na tarehe 1 Januari 1993 zikawa nchi 2. Shirikisho la kimataifa likaamua kwamba nafasi ya Chekoslovakia kwenye daraja la juu irithiwe na Jamhuri ya Cheki, na Slovakia ianzie chini, Kundi C, kana kwamba haijawahi kushika gongo. Nchi ya Troják, ya Golonka, ya Dzurilla, ya ndugu wa Šťastný! Uamuzi huo ulikuwa wa ovyo na hakuna haja ya kuufunika.

Wacheki waliutumia vizuri urithi wao. Kwenye Olimpiki ya Nagano, 1998, ya kwanza ambayo ligi ya kulipwa ya Amerika Kaskazini ilisimama ili nyota wote waje, Dominik Hašek aliizuia Kanada yote kwenye penalti za nusu fainali na Robert Reichel akafunga penalti pekee iliyoingia. Fainali waliifunga Urusi 1–0, shuti la Petr Svoboda, na dhahabu ambayo Chekoslovakia haikuipata kwa miaka zaidi ya 70 ikawa imepatikana. Kwenye kikosi hicho Jaromír Jágr alivaa namba 68, namba aliyoichagua kwa ajili ya mwaka wa uvamizi. Ubingwa wa dunia waliuchukua 1996, kisha mara 3 mfululizo kuanzia 1999, tena 2005, 2010, na 2024 wakiwa nyumbani Prague kwa kuifunga Uswisi 2–0.

Slovakia nayo ilipanda. Ilishinda Kundi C mwaka 1994, Kundi B mwaka 1995, na 1996 ikawa juu pamoja na wakubwa. Mwaka 2000 mjini St. Petersburg ilifika fainali, na wapinzani wakawa Wacheki: 5–3 kwa Wacheki. Miaka 2 baadaye, Gothenburg, ilikutana na Urusi. Zikiwa zimebaki sekunde 100, matokeo yakiwa 3–3, Peter Bondra alipokea kisahani, akapiga, kikagonga mwamba wa pembeni na kuingia. Bratislava haikulala usiku ule, na nahodha Miroslav Šatan akawa Mslovakia wa kwanza kupokea kombe la dunia kwa jina la nchi yake.